Mkono wa Ukwaju

Uchachu wa ukwaju unatokana zaidi na asidi tatariki, ileile ambayo chumvi yake huganda kama ukoko ndani ya mapipa ya mvinyo. Karibu na mwaka 1820, kiwanda kimoja cha Alsace kilijikuta kimetoa asidi nyingine inayofanana nayo. Mwaka 1830 mkemia wa Sweden akatangaza kwamba zote mbili zina kaboni, haidrojeni na oksijeni kwa viwango vilevile. Akabuni neno isomeri, kutoka Kigiriki cha "sehemu sawa". Sehemu zikiwa sawa, tofauti imekaa wapi?

Nilianza na jibu la shuleni: mpangilio. Butani ina kaboni 4 katika mnyororo mmoja; isobutani ina 4 hizohizo, moja imechipuka kama tawi. Njia hiyo ikaniishia mapema, maana asidi zangu zimeungwa vilevile, kiungo kwa kiungo. Mwanga ndio uliozitenga. Ukichujwa utetemeke katika mwelekeo mmoja tu, asidi ya mvinyo huugeuza kulia. Ile ya pili haiugeuzi kabisa. Taarifa ya 1844 ikadai kwamba hata fuwele za chumvi zao ni zilezile. Basi mwanga ulikuwa unaona nini?

Hadithi iliyozoeleka ni ya Paris, 1848. Kijana wa miaka 25 anaona katika chumvi ya asidi ile ya pili fuwele za aina mbili, kila moja kama taswira ya mwenzake kwenye kioo. Anazichambua moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Za kulia zinageuza mwanga kulia, za kushoto kushoto, zikichanganywa zinabatilishana. Anatoka mbio akishangilia. Tamu mno. Wanahistoria waliosoma daftari lake la maabara wanasema alianza na maswali mengine kabisa kuhusu maumbo ya fuwele. Mimi naliamini daftari. Je, ilikuwa bahati?

Kwa sehemu, ndiyo. Chumvi ile hujitenga hivyo chini ya takriban nyuzi 28 tu. Angeiacha mezani Dar es Salaam mchana wa Februari, asingepata cha kuchambua. Lakini mzee mmoja, bingwa wa mwanga, alimtilia shaka, akampa asidi yake mwenyewe, akamtaka arudie mbele yake. Matokeo yakasimama. Ila fuwele ni umbo la nje. Ndani ya molekuli ni kipi chenye kushoto na kulia?

Mwaka 1874 vijana wawili, Mholanzi na Mfaransa, kila mmoja kivyake, walijibu: kaboni yenye mikono 4 iliyoshika vitu 4 tofauti hupangika kwa njia mbili, kama ndara za jozi moja. Nikarudi kwenye ukwaju wangu. Kiwanda kile cha Alsace kilitoa ndara zote mbili. Mti hutengeneza ya upande mmoja tu. Nani aliuchagulia?