Depresheni, sonona na “mawazo mengi”

“Niko na mawazo mengi, sista. Kichwa kinauma, usingizi sipati, chakula nakiangalia tu.” Malalamiko ya aina hii si mageni katika zahanati za Eldoret. Depresheni haikutajwa, lakini muuguzi mzoefu tayari ameanza kuishuku.

Kwa asili neno hilo ni la Kilatini, lenye maana ya kukandamiza chini, na Kiingereza kimelitwika kazi nyingi. Kiswahili kimezigawa. Ardhi iliyodidimia, kama inavyoonekana mtu akisimama ukingoni Iten na kutazama Kerio, ni bonde. Miaka ya 1930, bei ya mahindi ilipoporomoka na walowezi wa Uasin Gishu wakalemewa na madeni, huo ulikuwa mdororo wa uchumi.

Utata uko kwenye ugonjwa.

Huzuni haitoshi: aliyefiwa ana huzuni, na si mgonjwa. Msongo wa mawazo ni ule wa karo na kodi ya nyumba, na mara nyingi hupungua deni likilipwa. Mfadhaiko umeelemea upande wa wasiwasi. Linalokaribia zaidi ni sonona, kutokana na kitenzi kusonona, yaani kuumia ndani kwa ndani. Vyombo vya habari hulitumia, ila mitaani Eldoret ni nadra kulisikia.

Wataalamu wana njia ya kulikwepa neno lenyewe. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliopima dodoso la PHQ-9 miongoni mwa watu wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya, chini ya AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana. Maswali yake 9 hayamtaki mtu aseme kama ana sonona. Yanauliza ni mara ngapi, katika wiki 2 zilizopita, amekosa hamu ya mambo, amelala vibaya au amejiona hafai. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, mhudumu huchunguza zaidi.

Vijana mjini nao wamelichukua neno la Kiingereza na kulilegeza: timu ikifungwa, “niko na depresheni”, simu ikiibwa, vivyo hivyo. Yule mwenye mawazo mengi kule zahanatini hajalitamka hata mara moja. Ameulizwa kuhusu usingizi, na bado anaeleza.