Bei Moja kwa Mwenyeji na Mgeni

Januari 2020 duka la Onuma lilifungwa, na mkoa wa Yamagata ukabaki bila hata moja kati ya yale maduka makubwa ya ghorofa ambako Wajapani wamezoea kununua kimono, zawadi na vyakula teule. Julai 2024 ikawa zamu ya Gifu. Maduka haya yalirithi utaratibu wa thamani kuliko majengo yenyewe: mgeni asiyejua neno la Kijapani huingia Mitsukoshi, Tokyo, akasoma bei na kununua bila hofu ya kupunjwa. Utaratibu huo ulipiganiwa.

Mwaka 1673 Mitsui Takatoshi alifungua Echigoya, duka la vitambaa, katika mtaa wa Honcho mjini Edo, Tokyo ya leo. Wauza hariri wa zama hizo walipeleka bidhaa majumbani kwa matajiri na kuwauzia kwa mkopo, na bei ikapandishwa ili kufidia riba na madeni yasiyolipika. Jora halikukatwa. Mitsui aligeuza yote: taslimu tu, bei moja isiyo na nyongeza, na kitambaa kikatwe kwa kipimo anachotaka mnunuzi. Wenzake wakamtenga. Kwa mujibu wa kumbukumbu za ukoo wa Mitsui, walifikia hadi kujenga choo kilichoelekea jiko la Echigoya! Hayo ni maneno ya upande ulioshinda, na yapokewe kwa tahadhari. Hata hivyo, mwaka 1683, baada ya moto mkubwa, Echigoya ilihamia Surugacho na ikastawi huko. Mwandishi Ihara Saikaku, ambaye hakuwa wa ukoo huo, aliisifu katika kitabu chake cha 1688, akieleza jinsi kila mhudumu alivyosimamia aina yake ya kitambaa.

Mwaka 1904 Echigoya, sasa ikiitwa Mitsukoshi, ilijitangaza kuwa duka kubwa la kisasa, na mwaka 1914 ikapata jengo jipya lenye ngazi za umeme na simba wawili wa shaba mlangoni, walioigwa wale wa Trafalgar Square, London. Wapo watakaosema basi kila kitu kilitoka Ulaya. Simba, ndiyo. Bei moja, hapana: Bon Marché ya Paris, inayosifiwa kwa jambo hilohilo, ilianza kupanuka mwaka 1852.

Wengine watasema usawa umekwisha, maana mgeni huonyesha pasipoti akasamehewa kodi ya asilimia 10. Hoja hiyo ina uzito, lakini kodi ni ya serikali. Bei ya duka haibadiliki. Tena, sheria mpya inaagiza kwamba kuanzia 1 Novemba 2026 mgeni alipe kodi kwanza, arudishiwe baada ya forodha kuthibitisha kwamba anaondoka na bidhaa. Kasoro kubwa iko mikoani. Jengo la Mitsukoshi la Nihonbashi lililindwa kama urithi wa taifa mwaka 2016, ilhali maduka ya Yamagata na Gifu yameachwa yafe, na serikali inayowaalika wageni watembelee mikoa hiyo haijaonyesha kujali.