Nani anaweza kushitaki jalala? Funzo la Dandora kwa wakaaji wa Bukavu na Katana

Jalala ni mahali ambapo mji unatupia uchafu wake. Lakini kila jalala liko karibu na nyumba ya mutu. Njo maana, katika inchi mbalimbali, mabishano juu ya uchafu yanaishia tribinali. Mfano unaojulikana sana katika Afrika ya Mashariki ni jalala la Dandora, Nairobi, inchini Kenya.

Jalala lililojaa bila kufungwa

Dandora iko mashariki mwa Nairobi, kando ya mto wa mji ule. Makamyo yalianza kumwaga uchafu kule katika miaka ya 1970, mahali palipokuwa pamechimbwa mawe. Mwaka wa 2001 ilitangazwa kwamba jalala limejaa. Lakini makamyo hayakusimama.

Mwaka wa 2007, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watoto 328 wanaoishi karibu na jalala. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa wakati ule. Risasi ni ile inayopatikana ndani ya batri za gari na rangi za zamani. Inaharibu ubongo wa mtoto.

Kesi ya Nairobi

Wakaaji wawili walifungua kesi juu ya uchafu wa mito ya Nairobi na Athi na juu ya jalala la Dandora. Walitumia kifungu cha 42 cha katiba ya Kenya ya 2010, kinachompa kila mutu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinaongeza jambo kubwa: anayeshitaki halazimishwi kuonyesha kwamba kuna mutu amekwisha kuumia.

Mwezi wa saba 2021, tribinali ya mazingira na ardhi iliwapa haki. Iliamuru jalala la Dandora lifungwe katika miezi 6.

Miezi 6 ilipita, makamyo yakaendelea. Hapakuwa mahali pengine palipotayarishwa. Mpango wa zamani wa kuhamishia uchafu Ruai ulikuwa umepingwa na wakubwa wa uwanja wa ndege, juu ya ndege-wanyama wanaofuata uchafu na wanaoweza kuangusha ndege za abiria. Tena kuna maelfu ya watu wanaookota vitu pale ili wapate chakula. Hukumu ilipatikana, lakini uchafu ulikuwa umekwisha kuwa mlima.

Kushitaki kabla kamyo haijafika

Mji wa Calabasas, Marekani, ulijaribu njia nyingine. Mwezi wa kwanza 2025, mioto mikubwa iliunguza maelfu ya nyumba karibu na Los Angeles. Wakubwa wa jimbo dogo la Los Angeles walikubali mabaki yapelekwe katika majalala mbalimbali, pamoja na lile la Calabasas. Wakaaji waliandamana mbele ya makamyo. Waliogopa risasi, na vumbi la amianti linaloharibu mapafu. Wakubwa walijibu kwamba vitu vya sumu vinaondolewa kwanza. Mji wenyewe ulikimbilia tribinali kuomba makamyo yasimamishwe mara moja. Jaji alikataa ombi lile.

Kwa hiyo hata kuwahi si ushindi. Lakini anayewahi anauliza maswali wakati majibu yanaweza bado kubadilisha kitu.

Na kwetu?

Bukavu, mvua inasukuma plastiki kutoka mitaani hadi mto Kawa, kisha ziwa Kivu, na mwisho Ruzizi. Pale zinaziba mashine za SNEL, na umeme unakatika. Nyumba za mbao zinapoungua, majivu nayo yanaweza kufuata njia ileile ya mvua.

Sheria tunayo. Kifungu cha 53 cha katiba ya Kongo kinasema kila mutu ana haki ya mazingira salama, na tena ana wajibu wa kuyatetea. Kifungu cha 54 kinadai fidia kwa uharibifu unaoletwa na kazi za uchumi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 inataka kila mradi unaoweza kuharibu mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa madhara, na wanainchi waulizwe maoni yao kabla.

Mji ukikosa nafasi, unatafuta kiwanja pembeni, vijijini. Siku mutu akileta mpango wa jalala Kabare, Katana au pengine popote, swali la kwanza ni hili: karatasi ya uchunguzi iko wapi, na wakaaji waliulizwa siku gani? Wenye kijiji waombe kuisoma, waandike barua kwa komini au kwa sheferi na wabakize kopi yenye stampu, wapige picha za mto na za shamba jinsi zilivyo leo. Bila ushahidi wa jinsi mahali palivyokuwa zamani, hata avoka mzuri atapata shida mbele ya jaji.