Elmi ya China: kupandikiza upya mti uliokuzwa katika chungu

Elmi ya China (Ulmus parvifolia) ni mti wa familia ya Ulmaceae ulioelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza na Nikolaus Joseph von Jacquin mwaka 1798, na asili yake ni China, Korea, Japani, Taiwan na Vietnam. Ukiachwa ardhini hufikia kimo cha mita 15 na zaidi, lakini katika penjing, yaani sanaa ya Kichina ya kukuza miti na mandhari ndani ya vyombo, na katika bonsai ya Kijapani iliyotokana nayo, mti uo huo hutunzwa kwa miongo mingi bila kuzidi nusu mita. Unapendwa kwa majani yake madogo yenye kingo za msumeno, kwa gome linalobanduka vipande na kuacha mabaka ya rangi ya machungwa, na kwa ustahimilivu wake dhidi ya ugonjwa wa kuvu wa Ophiostoma, ulioua zaidi ya elmi milioni 25 nchini Uingereza peke yake. Kusini mwa Sahara hakuna spishi ya asili ya jenasi Ulmus, ingawa familia yake ina mwakilishi katika misitu ya Kongo na Uganda, mti mkubwa uitwao Holoptelea grandis. Kwa hiyo kila elmi inayotunzwa Afrika Mashariki imeletwa kutoka nje.

Kupandikiza upya ni kazi ya kuutoa mti katika chungu, kupunguza mizizi yake, kuondoa udongo uliochakaa na kuurudisha mti katika udongo mpya, mara nyingi ndani ya chungu kile kile. Wengi hudhani kwamba lengo ni kuupatia mti chungu kikubwa zaidi, au kwamba udongo hubadilishwa kwa sababu virutubisho vimekwisha, ilhali virutubisho vinaweza kuongezwa kwa mbolea wakati wowote. Kinachokwisha hasa katika chungu ni hewa. Mizizi ni viungo hai vinavyopumua, na oksijeni hupenya ndani ya maji polepole kiasi cha mara 10,000 kuliko inavyopenya katika hewa, hivyo mzizi uliozungukwa na maji yasiyotoka hukosa pumzi hata kama mti unamwagiliwa kwa uangalifu mkubwa. Elmi huota mizizi kwa kasi. Ndani ya miaka miwili au mitatu huwa imezunguka ukuta wa chungu mara kadhaa, imejaza nafasi zote kati ya chembe za udongo na wakati mwingine imeuinua mti mzima juu ya ukingo wa chungu. Mboji iliyokuwa na vipande vikubwa nayo huwa imeoza na kuwa vumbi laini, na ishara ya kwanza ambayo mtunzaji makini huiona ni maji yanayosimama juu ya udongo kabla ya kuzama.

Jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote katika kazi hii ni tabia ya maji ndani ya chombo. Baada ya chungu kumwagiliwa na maji ya ziada kutoka kwenye matundu ya chini, tabaka la chini la udongo hubaki limejaa maji kabisa, kwa sababu nguvu ya kapilari, yaani mvutano unaoyafanya maji yang'ang'anie katika nafasi finyu, inashinda pale uzito wa maji yaliyo juu yake unapokuwa mdogo. Kimo cha tabaka hilo hutegemea ukubwa wa chembe za udongo, wala hakitegemei kina cha chungu, na jambo hili linaweza kuthibitishwa kwa sponji ya kawaida ya jikoni: ikilowekwa na kushikwa ikiwa imelala mpaka matone yakome, kisha ikasimamishwa wima, maji huanza kutiririka upya ingawa hakuna kilichoongezwa. Kwa hiyo chungu cha kina kifupi, ambacho ndicho kinachotumiwa kwa bonsai, kina sehemu kubwa zaidi iliyojaa maji kuliko chungu kirefu chenye udongo ule ule, na desturi ya kuweka kokoto chini ya udongo laini ili maji yatoke, ingawa imeenea sana, huleta kinyume cha kinachotarajiwa: maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe, na tabaka lililojaa maji hupanda juu na kuikaribia zaidi mizizi. Tiba ni moja tu, nayo ni kutumia chembe kubwa katika chungu kizima.

Ndiyo sababu watunzaji wa bonsai huacha udongo wa bustani na kutumia mchanganyiko wa chembe za milimita 2 hadi 6 zilizochekechwa vumbi lote. Maarufu zaidi kati yake ni akadama, udongo mgumu wenye asili ya volkeno unaochimbwa Japani, ambao huchanganywa na pamisi, yaani jiwe jepesi la volkeno lenye vitundu vingi, pamoja na kokoto za lava. Pale ambapo akadama haipatikani au bei yake haivumiliki, mti hauna hasara yoyote kubwa ukipandwa katika pamisi na kokoto za volkeno zilizochanganywa na mboji kiasi kidogo, mradi ukubwa wa chembe uzingatiwe. Ni ukubwa huo unaofanya kazi, si jina la udongo.

Wakati unaofaa ni mwishoni mwa majira ya baridi, pale tumba za majani zinapoanza kuvimba lakini hazijafunguka. Wakati huo wanga ambao mti uliuhifadhi katika mizizi na shina bado haujatumika, na mti hauna majani mengi ya kupoteza maji huku mizizi yake ikiwa imekatwa. Katika nchi zisizo na baridi kali elmi ya China haipukutishi majani yote, na baadhi ya miti hubaki ya kijani mwaka mzima, hivyo mtunzaji wa huko huongozwa na kuvimba kwa tumba kuliko kalenda. Miti michanga hupandikizwa upya kila baada ya miaka miwili au mitatu, na iliyokomaa inaweza kukaa miaka minne au mitano, lakini hali ya mizizi ndiyo inayoamua: mti unaotolewa chunguni na kuonekana kuwa na udongo ulio wazi bado hurudishwa ulivyo.

Kazi yenyewe huanza kwa kukata nyaya zinazoushikilia mti na kupitisha kisu chembamba kandokando ya ukuta wa chungu. Donge la mizizi likishatoka, mizizi hufunguliwa kwa kijiti au kwa ndoana ya chuma, kutoka katikati kwenda nje na si kutoka juu kwenda chini, ili gome la mizizi mikubwa lisichubuke. Hapo hali ya mti hujidhihirisha: mizizi yenye afya ni imara na ncha zake ni nyeupe au za rangi ya krimu, ilhali iliyooza ni myeusi, hunuka, na ikivutwa kwa vidole ngozi yake huvuka na kuacha uzi mwembamba wa katikati. Mizizi iliyooza huondolewa yote. Iliyobaki hupunguzwa kwa mkasi mkali kwa takriban theluthi moja, kwa kutanguliza mizizi minene inayoelekea chini na ile inayozunguka, kwa kuwa mizizi minene hushikilia mti na kuhifadhi chakula tu, wakati kazi ya kufyonza maji hufanywa na mizizi myembamba na vinyweleo vyake. Kukata ncha ya mzizi mnene huufanya uchipue matawi mengi membamba nyuma ya jeraha, na hapo ndipo faida ya kukata ilipo.

Elmi nyingi zinazouzwa Ulaya na kwingineko hutoka kusini mwa China, hasa Guangdong, na mara nyingi huwa zingali na bonge la udongo mzito wa mfinyanzi kutoka shambani katikati ya mizizi. Bonge hilo halipaswi kuachwa, kwani maji mapya hulikwepa na kupita pembeni. Wala halifai kung'olewa lote kwa siku moja katika mti dhaifu. Busara ni kuondoa sehemu yake tu katika upandikizaji mmoja na kumalizia katika ule unaofuata.

Matundu ya chungu hufunikwa kwa wavu, nyaya hupitishwa chini, na mti huwekwa juu ya kilima kidogo cha udongo na kufungwa kwa nguvu, kwa sababu mti unaotikiswa na upepo hukata mizizi yake mipya kila inapochipua. Udongo huingizwa kati ya mizizi kwa kijiti mpaka kusiwe na mashimo, kisha humwagiliwa hadi maji yanayotoka chini yawe safi. Kwa wiki mbili hadi nne mti huwekwa mahali penye mwanga usio wa jua kali na pasipo upepo, na mbolea husubiri wiki nne hadi sita. Umwagiliaji katika kipindi hiki unahitaji uangalifu wa pekee: mti wenye mizizi michache hunywa kidogo, na wengi huuua kwa kuumwagilia kwa mazoea ya zamani badala ya kugusa udongo kwanza.

Mizizi minene iliyokatwa haina haja ya kutupwa. Kipande chenye unene wa kalamu kikipandwa wima, upande uliokuwa karibu na shina ukiwa juu na kuchomoza kidogo, huchipua majani katika wiki chache, na watunzaji wengi hupata miti yao mipya ya elmi kwa njia hii.