Data kubwa: simu za mkononi zilivyosaidia kuifuatilia malaria

Neno "data kubwa" hutajwa mara nyingi kwenye taarifa za biashara na teknolojia, na wasikilizaji wetu wana haki ya kuuliza lina maana gani. Kwa kifupi, ni kumbukumbu nyingi mno zinazoongezeka kila dakika, ambazo mtu hawezi kuzipitia kwa daftari na kalamu: miamala ya simu, manunuzi ya dukani, vipimo vya hali ya hewa. Zikikaa tu hazisemi kitu. Faida huja pale taasisi yenye uamuzi wa kufanya inapozichambua kwa kompyuta ili kujibu swali lake.

Mfano mzuri ni Zanzibar. Kufikia mwaka 2008 malaria ilikuwa imeshuka sana Unguja na Pemba, baada ya ugawaji wa vyandarua, upuliziaji wa dawa majumbani na matumizi ya dawa mseto. Swali lililobaki lilikuwa gumu. Je, inawezekana kuitokomeza kabisa, ilhali boti na ndege huleta watu kutoka bara kila siku? Kumpima kila abiria bandarini ni gharama, na foleni yake mtu anaweza kuifikiria.

Watafiti walichukua kumbukumbu za wateja wapatao 770,000 wa kampuni ya Zantel, za Oktoba hadi Desemba 2008, bila majina yao. Simu inapopigwa, mtambo huandika imepitia mnara upi. Aliyepiga jana akiwa Unguja na leo anapiga akiwa Kariakoo, amesafiri. Safari hizo zikalinganishwa na ramani za malaria za bara. Ikaonekana kwamba nyingi zilikuwa za Dar es Salaam, ambako maambukizi ni machache, tena za chini ya siku tano. Hatari zaidi ilikuwa kwa kundi dogo la wakazi waliokaa muda mrefu kwenye maeneo yenye malaria nyingi. Kwa wapangaji wa afya hiyo ni tofauti kubwa: badala ya kumshuku kila anayeshuka kwenye boti, fedha zinaweza kuelekezwa kwa hao wachache.

Kenya ilifanyiwa uchambuzi wa aina hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalitokana na laini karibu milioni 15, kati ya Juni 2008 na Juni 2009. Yalionyesha kwamba ukanda wa Ziwa Victoria ndio chanzo kikuu cha vimelea vinavyosafirishwa na watu, na Nairobi ni mpokeaji mkubwa. Kwa hiyo kumwaga dawa ya mbu jijini si dawa ya tatizo hilo.

Lakini laini si mtu. Wapo wenye laini mbili, zipo familia zinazotumia simu moja, na mtoto wa chini ya miaka mitano, ambaye malaria humuumiza kuliko wote, hana simu. Kwa maoni yetu hapa ndipo taasisi nyingi huteleza: huona wingi wa data zikadhani kila mtu amehesabiwa.

Kuna pia suala la siri. Utafiti wa mwaka 2013 kuhusu watu milioni moja na nusu ulionyesha kwamba sehemu na saa nne tu alizopitia mtu zinatosha kumtofautisha na wengine kwa asilimia 95 ya watu hao. Kuondoa jina, basi, hakutoshi. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Zote zinaitaka taasisi iwe na lengo lililo wazi inapokusanya taarifa za mtu. Kumbukumbu za simu tulizozitaja zilichukuliwa miaka kadhaa kabla ya sheria hizo kuwapo.