Kilindi cha Pemba na Watu Waliokizamia

Baina ya Pemba na bara, kuanzia Shimoni na Wasini upande wa kaskazini hata Pangani upande wa kusini, upo mkondo wa bahari ambao kina chake hufikia takriban mita 800, nao ndio ulioitenga Pemba na dada zake. Unguja na Mafia zimekaa juu ya uwanda mmoja wa chini ya maji pamoja na bara, lakini Pemba ilikatwa na mpasuko wa ardhi mamilioni ya miaka iliyopita, ikabaki peke yake katikati ya kilindi. Maji ya Bahari ya Hindi yapandayo kaskazini mwaka mzima hupita hapa kwa nguvu: wakati wa kusi mwendo wake huweza kufika maili nne za bahari kwa saa, na wakati wa kaskazi hulegea. Mwendo huo huwaletea viumbe wa baharini chakula chao, na kwa sababu hiyo miamba ya magharibi ya Pemba imejaa samaki, na watu wamewafuata samaki hao tangu kale, ijapokuwa mahali penyewe ni pa hatari.

Habari ya kwanza ya watu hao iliandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza ya Miladi, katika kitabu kiitwacho Periplus. Humo kimetajwa kisiwa cha Menouthias, chenye miti mingi, kilicho mbali na bara kwa stadia 300, yaani kilomita 55 hivi. Wanazuoni wamehitilafiana: baadhi wasema ni Unguja, baadhi Mafia, na baadhi Pemba. Mimi nawafuata hawa wa mwisho, kwa kuwa masafa hayo yanaielekea Pemba kuliko visiwa vile vingine, na kwa kuwa mwandishi yule ameeleza kwamba wenyeji walikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, na kwamba walitega vikapu vya kusukwa katika midomo ya milango ya maji baina ya miamba. Msomaji aliyepata kuliona dema hahitaji kuelezwa zaidi. Fito zake husukwa zikaacha matundu. Mdomo wake huingia ndani ukifinyana, hata samaki akiisha kupenya hajui pa kutokea. Hutiwa chambo, hutiwa mawe lisichukuliwe na maji, kisha hulazwa chini kando ya mwamba. Kusuka mtu aweza kufundishwa akiwa mtoto. Walakini kujua pa kulilaza, na maji yataingia upande gani na kutoka kwa nguvu gani siku ya bamvua na siku ya maji mafu, hakupatikani ila kwa umri mzima baharini.

Mwaka 304 wa Hijria, sawa na 916 wa Miladi, msafiri Al-Masudi alisafiri kutoka Qanbalu, ambayo wengi wanakubali kuwa ilikuwa Pemba, kwenda Oman; naye, aliyekwisha kupita bahari nyingi za dunia, alishuhudia kwamba hakuona yenye hatari kuliko hii ya Zanj. Wareno nao walionjeshwa. Aprili 1498 meli moja ya msafara wa Vasco da Gama, iitwayo São Rafael, ilikwama katika mafungu yaliyo mkabala wa Mtang'ata, kusini ya Tanga, na Januari 1499, walipokuwa wakirudi kwao na mabaharia wengi wamekwisha kufa kwa maradhi, waliichoma moto pale pale.

Hao wote waliandika habari za juu ya maji. Walioijua bahari hii kwa chini ni wapiga mbizi, na hao hawakuandikiwa kitabu. Mashuhuri zaidi ni watu wa Kojani, kisiwa kidogo cha mashariki ya Pemba, ambao huhama na vyombo vyao wakapiga dago katika pwani za mbali majuma kwa majuma, na ambao katika uvuvi wa juya baadhi yao huzama kwa pumzi zao tupu, wakawafukuza samaki kutoka kwenye matumbawe hata wakaingia wavuni. Sitaki kuisifu amali hiyo kupita haki yake: desturi ya kuyagonga matumbawe ili samaki watoke imeharibu miamba mingi, na ilikatazwa kwa haki. Lakini ustadi ni ustadi, na mtu ashukaye bila hewa ila ile iliyo kifuani mwake hana nafasi ya kukosea hesabu ya mkondo.

Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza chombo cha kumpa mpiga mbizi hewa ya mtungi kwa kadiri avutavyo pumzi, na baadaye wageni wakaja Pemba na mitungi hiyo. Huzamia hasa katika milango ya magharibi, Njao, Fundo na Uvinje, ambamo siku za bamvua maji hupanda na kushuka kadiri ya mita nne. Yakijaa, huingia maji safi ya kilindi, na mtu huona mbali. Yakipwa, hutoka maji yenye tope ya ghuba za mikoko, nayo humvuta mtu kwenda bahari kuu. Mpiga mbizi mwenye akili hashindani nayo: hujiachilia, ukuta wa mwamba ukampita ubavuni, matumbawe laini yamefunguka kula, kolekole na mzia wamesimama makundi kwa makundi, vichwa vyao vimeelekea mkondo utokako, na mashua juu ikiyafuata mapovu yake. Saa ya kushuka huamuliwa na nahodha, atazamaye mikunjo ya maji juu ya mwamba, na hesabu yake ni ile ile ya wategaji wa madema.

Kilindi chenyewe hakijaisha kutoa ajabu zake. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa alitoweka zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita hata alipopatikana Afrika ya Kusini mwaka 1938, amenaswa mara nyingi katika majarife ya wavuvi wa Tanga tangu 2004, na mwaka 2009 ikawekwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kisiwa cha Misali kilihifadhiwa mwaka 1998. Maarifa ya wavuvi bado hayajawekewa hifadhi yoyote, nayo yanapungua kila azikwapo mzee. Nawaomba walimu wa Wete, Micheweni na Mkoani wawatume wanafunzi wao kwa wazee wa pwani, na daftari mkononi, wakaandike jina la kila mwamba, na saa za maji yake, na majina ya wapiga mbizi waliouzamia.