Mkuki Shingoni mwa Korongo

Desemba moja, nikiwa darasa la tano, nilimpiga korongo kwa manati. Tulikuwa tukipalilia mahindi ya bibi pembezoni mwa Izia, mvua imetoka kukatika, na korongo weupe kama ishirini walikuwa wakiokota panzi kwenye majani. Jiwe lilimpata mmoja bawani. Aliruka kwa shida, akawafuata wenzake kuelekea bonde la Rukwa. Bibi hakunichapa. Alisema tu, "Mjukuu wangu, yule ni mgeni. Amekula panzi wako, hajagusa hindi lako hata moja."

Sikujua mgeni huyo anatoka wapi. Kumbe kwa karne nyingi hata wenyeji wake hawakujua anakokwenda. Korongo hawa huzaliana Ulaya, na baridi inapokaribia hutoweka. Aristotle aliamini kwamba baadhi ya ndege hujificha na kulala majira yote ya baridi. Katika karne ya 17, Mwingereza Charles Morton aliandika kuwa huhamia mwezini.

Jibu lilifika mwaka 1822, karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani. Korongo aliyepigwa risasi huko alikutwa na mkuki wa Kiafrika, wenye urefu wa sentimita 80 hivi, umepenya shingoni. Alichomwa huku kwetu, hakufa, akaruka na mkuki wake hadi Ulaya. Mwili wake uliokaushwa bado umehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Niliposoma habari zake, nililikumbuka jiwe langu.

Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba. Tangu hapo safari zao zikafuatiliwa bila mkuki.

Lakini kujua wanakokwenda si sawa na kuwatunza wakifika. Bonde la Rukwa ni moja ya mazalia makuu ya nzige wekundu. Baa lililoanza karibu na mwaka 1930 lilienea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia. Silaha kuu ikawa sumu. Na anayemla nzige aliyepuliziwa sumu huimeza pia.

Mwaka 2009 nzige walipochachamaa tena, FAO na washirika wake walitumia dawa iliyotengenezwa kwa kuvu katika mbuga za Ikuu huko Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi. Kuvu hiyo huua nzige na panzi, lakini ndege anaweza kuwala asidhurike.

Majira ya baridi ya Ulaya ndiyo masika yetu. Kule, kumsaidia ndege ni kumwekea mbegu bustanini theluji ikianguka. Huku, ni kuangalia tunachopulizia shambani, na kuwazuia watoto wenye manati.

Desemba iliyopita mpwa wangu aliinua manati yake katika shamba lile lile. Nilimshika mkono, nikamsimulia habari za mkuki.